Umebadilisha mipangilio ya prosesa, haishiki: tuanzie kwenye dalili

Malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua laptopu iliyotumika, kaweka Linux, kaona inachemka au inajikokota, kapata amri fulani mtandaoni na kuibandika kwenye terminali. Ama amri imegoma, ama imepita na hakuna kilichobadilika, ama imefanya kazi vizuri mpaka alipofunga kifuniko na kukifungua tena. Mwongozo huu unahusu mashine za Intel zinazotumia Linux, pamoja na maneno machache kuhusu AMD na Windows mbele huko.

Kuna jambo la kulijua kwanza, maana nusu ya matatizo ya hapa chini yanazaliwa nalo. Kasi ya juu, kikomo cha umeme, volteji, turbo (kasi ya ziada ya muda mfupi): vyote hivi vinakaa kwenye rejista zilizo ndani ya prosesa yenyewe, ambazo kwa kifupi huitwa MSR. Amri ya kuandika kwenye rejista hizo, `wrmsr`, prosesa inaikubali kutoka kwa kerneli (moyo wa Linux) tu. Programu ya kawaida ikithubutu kuitekeleza yenyewe, inauawa papo hapo, hata kama umeiendesha kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kwa hiyo programu yoyote ya kurekebisha prosesa, iwe na sura nzuri kiasi gani, inapita kwa kerneli, na milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni mafaili yaliyo chini ya `/sys`. Hapo kerneli inaelewa unachoomba, inakipima kama kinawezekana, na inakikumbuka. Mlango wa pili ni `/dev/cpu/0/msr`. Hapo unaipa kerneli namba ya rejista na thamani, nayo inaandika tu bila kujua umeandika nini. Ukipita mlango wa pili kubadilisha kitu ambacho kerneli nayo inakisimamia, rejista moja inakuwa na wenyewe wawili wasioongea. Yule asiye na taarifa ndiye atakayefuta kazi ya mwenzake, na hatakuambia.

Msimamo wangu: kama kuna faili chini ya `/sys` linalofanya kazi hiyo, tumia hilo na usiguse MSR. Mlango wa pili ubaki kwa yale machache ambayo kerneli haijayawekea mlango wake.

Kabla ya lolote: maswali manne kwa mashine yako

```
systemd-detect-virt
uname -r
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver
cat /sys/kernel/security/lockdown
```

Ya kwanza ikijibu kitu chochote kisicho `none`, uko ndani ya mashine pepe au kontena: seva ya kukodi, VirtualBox, au WSL (Linux iliyo ndani ya Windows). Usiendelee. Prosesa unayoiona humo si ya kwako kuirekebisha. Mwenye mashine halisi ndiye mwenye uamuzi, na rejista nyingi utakazosoma zitakuwa ni za kuigiza. Watu wengi wanaokodi VPS wanapoteza jioni nzima hapa.

Majibu ya amri tatu zilizobaki yaandike pembeni. Tutayahitaji.

"Nimeweka sudo, bado inasema Permission denied"

Hii ndiyo inayoongoza, na sababu yake haihusiani na prosesa hata kidogo. Amri huwa imeandikwa hivi:

```
sudo echo 1 > /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Hapo `sudo` imempa ukubwa `echo` peke yake. Anayefungua faili ni ganda (shell) lako la kawaida, ambalo halina ruhusa. Andika hivi:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Mfano huo unazima turbo. Ukitaka kuiwasha unaandika 0, na hapo ndipo unaweza kukutana na `Operation not permitted` ingawa wewe ni root kweli kweli. Maana yake BIOS (programu ya ubao inayowaka kabla ya mfumo) imezima turbo tangu mwanzo, au prosesa yako haina turbo. Angalia `dmesg`, yaani logi ya kerneli; huwa inaandika `Turbo disabled by BIOS or unavailable on processor`. Ingia BIOS, tafuta Turbo Boost, iwashe. Kama haimo, angalia namba ya prosesa kwenye tovuti ya Intel: Pentium, Celeron na Core i3 nyingi za zamani hazina turbo, na hakuna amri itakayoizua.

"wrmsr inagoma"

Soma neno la mwisho la ujumbe wa kosa, ndilo linaloamua uende wapi.

`No such file or directory`: moduli haijapakiwa. `sudo modprobe msr`, basi.

`Permission denied`: hukutumia sudo.

`Operation not permitted`: sababu ni tatu, kwa mpangilio wa yanayotokea zaidi. Kwanza, Secure Boot (ulinzi unaokubali mashine iwake kwa programu zenye saini tu) imewashwa na kerneli imejifunga. Hapa ndipo jibu la `lockdown` lina kazi: neno lililo kwenye mabano ya mraba ndilo hali ya sasa. Likiwa `[none]`, si hilo. Likiwa `[integrity]` au `[confidentiality]`, kuandika MSR kumefungwa, na `dmesg` itakuwa na mstari unaosema `raw MSR access is restricted`. Ubuntu na Fedora zinajifunga hivi zenyewe Secure Boot ikiwa imewashwa. Kazi hii iliingia rasmi kwenye Linux 5.4 mwaka 2019. Kusoma kwa `rdmsr` huwa kunaendelea kuruhusiwa, na hilo linawachanganya wengi: mbona nasoma lakini siandiki? Pili, mtu ameweka `msr.allow_writes=off` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Hakikisha kwa `cat /proc/cmdline`. Tatu, uko ndani ya kontena ambalo halijapewa uwezo wa `CAP_SYS_RAWIO`; toka nje, ifanye kwenye mashine yenyewe.

Watu wanauliza kwa nini root azuiwe kwenye kompyuta yake mwenyewe. Jibu liko kwenye rejista moja, `0xC0000082`. Humo kuna anwani ambayo prosesa inarukia kila programu inapoita kerneli. Anayeweza kuandika humo anaweza kuielekeza kerneli nzima kwenye msimbo wake, na hapo saini za Secure Boot hazina maana tena. Mlango wa MSR haubagui: ukiufungua kwa ajili ya volteji, umeufungua na kwa hiyo. Unaweza kuzima Secure Boot ukitaka, ni mashine yako. Kama ni ya ofisini usiizime. Zungumza na watu wa TEHAMA, kwa sababu diski iliyosimbwa inaweza kudai ufunguo wa akiba ambao wewe huna.

`CPU 0 cannot set MSR`: umeruhusiwa kuandika, ila prosesa yenyewe imekataa. Rejista hiyo haipo kwenye modeli yako, au thamani uliyoweka ina biti zisizoruhusiwa. Amri uliyonakili ilikuwa ya prosesa ya mtu mwingine. Usianze kubahatisha namba nyingine.

"Kerneli inalalamika: Write to unrecognized MSR"

Hili si kosa, ni taarifa. Tangu Linux 5.9, iliyotoka Oktoba 2020, kerneli inaandika kwenye logi programu inapoandika kupitia mlango wa MSR, pamoja na jina la programu hiyo. Papo hapo inajitia alama ya `S`, yaani prosesa inaendeshwa nje ya utaratibu. Alama hiyo haipunguzi kasi wala kuharibu chochote. Inachofanya ni hiki: siku ukipeleka ripoti ya hitilafu kwa watengenezaji, wataiona, na hawatajisumbua nayo mpaka uirudie bila programu hiyo. Wana haki.

Unaweza kuunyamazisha ujumbe kwa `msr.allow_writes=on`. Binafsi nauacha, kwa sababu ndio unaonifichulia nani anaandika nini, na tutauhitaji mbele kidogo.

"Imekubali, lakini hakuna kilichobadilika"

Anza na rahisi. `wrmsr` bila kuambiwa vinginevyo inaandika kwenye kiini namba 0 peke yake. Weka `-a` ili iandike kwenye vyote, kisha soma vyote kwa `rdmsr -a`. Ukiona mistari haifanani, umepata jibu.

Pili ni kufuli. Kikomo cha umeme kiko kwenye rejista `0x610`, na biti yake ya 63 ni kufuli ambalo BIOS hulifunga kompyuta inapowaka:

```
sudo rdmsr -f 63:63 0x610
```

Ikijibu 1, rejista hiyo haibadiliki mpaka uzime na kuwasha, na ukiwasha BIOS inaifunga tena. Hapo hata mlango wa `/sys` hautakusaidia. Ikijibu 0, usiandike kwenye `0x610`. Tumia faili la kerneli, ambalo linahesabu kwa mikrowati. Wati 15 zinaandikwa hivi:

```
echo 15000000 | sudo tee /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw
```

Tatu, laptopu nyingi zina kikomo cha umeme mara mbili: kimoja kwenye MSR, kingine kwenye kumbukumbu ya chipu, na kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Ukiona folda `intel-rapl-mmio:0` kwenye `/sys/class/powercap`, soma namba za pande zote mbili. Unaweza kupandisha kimoja hadi wati 45 ukashangaa mashine inagoma kwenye 15.

Nne, volteji. Hili lina historia yake, limewekewa sehemu yake chini.

"Inashika, halafu inarudi yenyewe"

Jiulize inarudi lini.

Ikirudi baada ya kuzima na kuwasha, hakuna tatizo: si `/sys` wala MSR inayohifadhi kitu kwenye diski. Kwa mafaili ya `/sys`, njia safi ni faili la `/etc/tmpfiles.d/prosesa.conf` lenye mstari kama huu:

```
w /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo - - - - 1
```

Ikirudi baada ya kulala, hapo ndipo tofauti ya milango miwili inapoonekana waziwazi. Soma `cat /sys/power/mem_sleep`. Ikiwa `[deep]` ndiyo iliyochaguliwa, prosesa inakatiwa umeme kabisa wakati wa usingizi na rejista zinarudi kama BIOS inavyotaka. Ikiamka, kerneli inarudisha yale inayoyajua. Chukua rejista ya upendeleo wa umeme, `0x1B0`.  Ukiiandika kupitia `/sys/devices/system/cpu/cpu0/power/energy_perf_bias`, kerneli inajua kuna thamani ya kuitunza, na ikiamka inairudisha. Kwa yale yasiyo na mlango wa `/sys`, weka skripti kwenye `/usr/lib/systemd/system-sleep/`; systemd huiita kwa neno `post` mashine ikiamka.

Ikirudi baada ya sekunde chache bila sababu, kuna programu nyingine inayoandika. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini kwenye laptopu moja nimekuta wanne:

```
systemctl is-active tlp power-profiles-daemon tuned auto-cpufreq thermald throttled
```

Mchanganyiko unaoonekana zaidi ni TLP kuwekwa juu ya `power-profiles-daemon` iliyokuja na mfumo. Kila moja inajiona ndiyo msimamizi. Chagua moja, nyingine izime kwa `systemctl mask`, maana `disable` haitoshi: kitufe cha nishati kwenye mipangilio ya GNOME kinaweza kuiamsha tena. Kwenye Fedora, kuanzia toleo la 41, kazi hiyo imepewa `tuned`, kwa hiyo usitafute jina la zamani. `thermald` ina kazi tofauti, inalinda joto. Iache isipokuwa umethibitisha kuwa ndiyo inayoshusha kikomo chako, na hata hivyo jiulize kwanza kwa nini mashine ina joto.

Ukishindwa kumjua anayeandika, rudi kwenye `dmesg`. Kama anapita MSR, jina lake limo. Kama hayumo na thamani bado inabadilika, anayeandika anapita `/sys`, au ni BIOS, au chipu ndogo ya ubao inayosimamia chaja na feni, na hao hawaandiki kwenye logi ya mtu.

"Nataka ondemand, naona powersave na performance tu"

`scaling_driver` ilijibu `intel_pstate`? Basi ni kawaida. Draiva hiyo ikiwa kwenye hali yake ya `active`, ina governor (kanuni ya kupandisha na kushusha kasi) mbili tu, na `powersave` yake haimaanishi kasi ya chini kabisa; inapanda na kushuka kulingana na kazi. Wengi wanaikimbia kwa sababu ya jina. Kinachofaa kubadilishwa ni `energy_performance_preference` iliyoko kwenye folda hiyo hiyo ya `cpufreq`. Ikikujibu `Device or resource busy`, ni kwa sababu umechagua `performance`, nayo haikubali upendeleo mwingine. Rudi `powersave` kwanza, kisha andika `balance_performance` au `balance_power`.

Ukizitaka `ondemand` na `schedutil` kwa lazima, andika `passive` kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/status`. Sioni faida yake kwa mtumiaji wa kawaida.

"Imekwama 400 au 800 MHz, haipandi hata nifanyeje"

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowatesa watu wenye laptopu za mtumba, na ndilo watu wanalotibu vibaya zaidi.

Kwenye ubao kuna waya mmoja unaoitwa PROCHOT. Prosesa ikipata joto kali inautumia kutangaza. Ila kwenye laptopu nyingi waya huo unapokea pia: mzunguko wa chaja, wa kugawa umeme au chipu ya ubao ukiona hatari, unauvuta, na prosesa inashuka kasi ya chini kabisa bila kuuliza sababu. Kerneli haikushusha kasi na haiwezi kuipandisha. Ndiyo maana utabadilisha governor mpaka uchoke.

Kwanza, chaja, ndiyo ya kushuku kabla ya vyote. Chomoa, endesha kwa betri dakika mbili, uangalie `grep MHz /proc/cpuinfo` ukiwa umefungua kitu kizito. Kasi ikirudi, umempata mchawi. Laptopu za Dell, kwa mfano, zinaitambua chaja kupitia kipini chembamba kilicho katikati ya plagi. Kipini kikipinda, waya wake ukikatika ndani, au chaja ikiwa ya kuiga isiyojitambulisha, betri haichaji na kasi inashushwa. Ingia BIOS usome ukurasa wa betri: utaona wati za chaja, au neno `Unknown`. Jaribu chaja halisi ya kuazima kabla hujatumia senti kwenye kingine.

Pili, betri iliyochoka. Ikiwa inatoka kwa nje, itoe na uendeshe kwa chaja peke yake. Ikiwa imevimba, yaani kipadi cha mguso kimeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, zima mashine sasa hivi na uipeleke kwa fundi. Usiichome, usiibonyeze, usiendelee na mwongozo huu.

Tatu, joto la kweli. `sensors`, kisha:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count
```

Namba hiyo ikipanda huku unaitazama, prosesa inajipunguza kwa joto. Vumbi la feni, halafu pesti ya prosesa iliyokauka. Mashine inayogusa nyuzi 90 bila kazi yoyote haihitaji amri, inahitaji bisibisi.

Nne, chipu ya ubao iliyoganda. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri kama unaweza, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha. Ni dawa ya kizee lakini inaponya wengi. Baada yake sasisha BIOS.

Sasa MSR, na hapa ni kwa uchunguzi tu. Biti ya 0 ya rejista `0x1FC` inaiambia prosesa iwasikilize wengine kwenye waya ule au isiwasikilize:

```
sudo rdmsr 0x1FC
```

Tuseme imejibu `24005d`. Tarakimu ya mwisho ni `d`, yaani 13, ambayo ni witiri, kwa hiyo biti imewashwa. Unaandika thamani hiyo hiyo pungufu ya moja, `sudo wrmsr -a 0x1FC 0x24005c`. Usinakili namba yangu, tumia yako. Kasi ikiruka papo hapo kutoka 800 hadi 2900, umethibitisha: kuna kitu kwenye ubao kinachovuta waya.

Watu wengi wanaishia hapo, wanaiweka amri kwenye skripti ya kuwashia na kusema imepona. Haijapona. Prosesa itaendelea kujilinda na joto lake yenyewe, hilo ni kweli. Ulichozima ni kilio cha sehemu nyingine, na sehemu hizo hazina njia nyingine ya kulia. Ukisikia harufu ya kuungua kwenye tundu la chaja, au plagi imekuwa ya moto hushiki, rudisha biti, zima, nenda kwa fundi mwenye mita ya umeme. Kama umejaribu chaja nzuri, betri nyingine, usafi na BIOS mpya na bado, kuna kihisi au kipande cha ubao kilichokufa. Hilo ni la fundi wa ubao, si la terminali.

"Kushusha volteji hakufanyi kazi, au kumeigandisha mashine"

Kushusha volteji kidogo kunapunguza joto bila kupunguza kasi, na ni jambo ambalo kerneli haina mlango wake kwa Intel. Hapa nawaelewa wanaolalamika: mnatuambia tusitumie MSR, na njia nyingine hamjatupa. Rejista ni `0x150`, na inafanya kazi kuanzia kizazi cha 4 cha Core. Kushusha milivolti 50 kwenye viini na kwenye kashe, ambavyo vinatakiwa viende pamoja, ni hivi:

```
sudo wrmsr 0x150 0x80000011F9A00000
sudo wrmsr 0x150 0x80000211F9A00000
```

Kuhakiki viini:

```
sudo wrmsr 0x150 0x8000001000000000
sudo rdmsr 0x150
```

Inatakiwa ijibu `f9a00000`. Ikijibu sifuri, imefungwa. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na KU Leuven walitangaza shambulio la Plundervolt: kwa kushusha volteji kwa wakati uliopimwa kupitia rejista hii hii, waliifanya prosesa ikosee hesabu ndani ya SGX, chumba cha siri ambacho hata root hatakiwi kukiona, na wakatoa funguo za usimbaji humo. Intel ikatoa masasisho, na watengenezaji wengi wa laptopu wakafunga rejista kupitia BIOS. Ndiyo maana laptopu yako ilikuwa inakubali zamani na haikubali baada ya kusasisha. Angalia BIOS kama kuna chaguo la kuifungua. Kama halipo, kubali, na utumie kikomo cha umeme kilichotajwa juu.

Kurudisha BIOS ya zamani ili tu ushushe volteji, sikushauri. Kubadilisha vigezo vilivyofichwa vya BIOS kwa namba ulizozipata mtandaoni, acha kabisa: kosa la tarakimu moja na kompyuta haiwaki tena, hadi fundi aichape chipu ya BIOS kwa kifaa maalumu.

Ikiganda, mara nyingi si wakati wa kazi nzito. Ni ikiwa imetulia, au inapoamka, kwa sababu kasi ya chini nayo ina volteji yake na haina ziada ya kukatwa. Zima na uwashe; thamani inafutika. Hatari ni pale ulipoiweka kwenye huduma ya kuwashia kabla ya kuijaribu, ikawa inaganda kila ikiwaka. Kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijawaka) bonyeza `e`, mwishoni mwa mstari wa `linux` ongeza `systemd.mask=` likifuatiwa na jina la huduma, mfano `systemd.mask=intel-undervolt.service`, halafu F10. Ikishawaka, soma `journalctl -k -b -1`. Ukiona `Hardware Error`, rudi nyuma milivolti 20 na uijaribu upya kwa siku kadhaa.

Makosa hayo ya `Hardware Error` yakiendelea hata ukiwa umeondoa kila kitu, si mipangilio tena. Hifadhi data zako leo, kisha mtafute fundi. Na kwenye seva yenye kazi za watu usishushe volteji hata kidogo: prosesa inayokosea hesabu haigandi kila mara, wakati mwingine inaandika tu jibu baya kwenye diski.

Kwa wenye AMD

Mambo ni mepesi zaidi. Tangu Linux 5.17 kuna draiva ya `amd-pstate`, na kuanzia 6.3 ina hali ya `active` yenye `energy_performance_preference` kama ya Intel. Mipaka ya umeme ya Ryzen za laptopu inabadilishwa kwa `ryzenadj`, ambayo haipiti MSR bali inaongea na chipu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Ikigoma, sababu ya kwanza ni Secure Boot ile ile. Moduli ya `ryzen_smu` huwa inasaidia pale ambapo kerneli imekataa kusomwa kwa kumbukumbu yake.

Kwa wenye Windows

Kanuni ni ile ile, milango ndiyo tofauti. ThrottleStop na wenzake haziwezi kuandika MSR bila draiva inayokaa ndani ya kerneli. Programu nyingi zilitegemea moja iitwayo WinRing0, yenye udhaifu unaojulikana kama CVE-2020-14979: inamfungulia mlango programu yoyote, ikiwemo ya mwizi. Mwaka 2025 Windows Defender ilianza kuizuia, na feni za watu zikagoma kusikia amri. Usiongeze programu ya namna hiyo kwenye orodha ya kuruhusiwa. Tafuta toleo jipya lisilotumia draiva hiyo. Na kama volteji haishuki, angalia kama Core Isolation imewashwa, kwa sababu hapo Windows yenyewe inakaa juu ya tabaka la mashine pepe, nalo linaweza kuizuia amri isifike.

Ukiamua kwenda kwa fundi

Ondoa kwanza kila skripti na huduma uliyoweka, uzime kabisa na uwashe. Mpe majibu ya zile amri nne za mwanzo, matokeo ya `rdmsr 0x1FC` kabla hujaigusa, na umwambie kama kasi inarudi ukichomoa chaja. Nenda na chaja yako pia.